Nyumba za mawe na barabara za miembe: Unguja inahifadhi nini, na kwa mkono wa nani

Kila nyumba inapoanguka Mji Mkongwe, lawama huanza kabla vumbi halijatua. Wako wanaosema ni serikali, wako wanaosema ni wapangaji, na wengine huitaja UNESCO kana kwamba UNESCO ina mafundi na ngazi za kupandia. Na kila mwembe mkubwa unapokatwa kando ya barabara ya shamba, watu hugawanyika mara moja: huku maendeleo, huku uhifadhi.

Mambo haya mawili huzungumzwa mbalimbali. Mimi naona ni shauri moja. Nyumba kubwa za mjini zilijengwa kwa fedha ya karafuu na pembe za ndovu, na njia za shamba ndizo zilizopitisha karafuu hizo hadi bandarini. Leo zote zinaharibika kwa namna inayofanana: kila kipande kina mwenyewe, lakini kizima hakina mwenyewe. Ili kuelewa kwa nini kuhifadhi kunakuwa kugumu hivi, ni lazima tukifumue kipande kwa kipande, kuanzia ukutani.

Nyumba inauliwa na maji

Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe una unene wa nusu mita, mara nyingi zaidi. Ndani yake ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyoshikiwa kwa udongo mwekundu, mchanga na chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe pia: mawe yalipangwa juu ya magogo, yakachomwa, kisha yakaachwa yanyeshewe hadi yalainike. Sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko, nyingi zikiletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mita 2.5 hadi 3. Ndiyo maana hata nyumba za matajiri wakubwa zina vyumba virefu na vyembamba. Juu ya boriti yalipangwa mawe, juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, na sakafu ikapigiliwa kwa vijiti siku baada ya siku, watu wakiimba, mpaka ikashikana.

Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na katika mji uliozungukwa na bahari pande nyingi unyevu huo una chumvi. Mvua za masika hupenya kwa juu. Lipu ya chokaa ni laini na ina matundu madogo mno, kwa hiyo maji hutoka polepole kwa jua na upepo. Lipu hubanduka baada ya miaka kadhaa, inapigwa upya, na ukuta wenyewe unabaki salama. Kubanduka huko si ubovu. Lipu ndiyo inayotolewa kafara ili jiwe lipone.

Sasa upige ukuta huo lipu ya saruji. Kwa mwaka wa kwanza nyumba inapendeza, na mwenyewe anaona amefanya la maana. Lakini saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyozoea kutoka chini ya ukuta hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi. Udongo ulioshika mawe unalainika, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, ukuta unaanza kufura. Unyevu ukifika kwenye boriti, kazi imekwisha.

Fundi mzoefu akiingia katika nyumba ya zamani haanzi na nyufa. Hupanda juu, akatafuta pale boriti inapoingia ukutani, akaichoma kwa msumari. Boriti nzima hugoma. Iliyooza huumeza msumari mpaka kichwani, ingawa katikati ya chumba, mahali inapoonekana na kila mtu, bado ni nyeusi na ngumu. Ndiyo sababu wakaazi wengi husema nyumba "ilianguka tu". Haikuanguka tu. Ncha za boriti zilikuwa zimeshaoza ndani ya ukuta miaka mingi, na kilichobaki kikasubiri masika moja nzito, au tangi la maji lililowekwa juu, au choo kipya cha ghorofa ya pili chenye bomba linalovuja pole pole.

Kuna jambo jingine linalosahauliwa. Nyumba hizi zimeegemeana, nyingine zinatumia ukuta mmoja. Moja ikianguka, ukuta wa jirani ambao haukupata kuonja mvua unabaki wazi, bila lipu, ukinywa maji masika baada ya masika. Gofu likiachwa bila kufunikwa, linaanza kuila nyumba ya pili.

Hata jumba kubwa kuliko yote halikuepuka. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Sayyid Barghash, lilikuwa na nguzo za chuma, roshani pana kuzunguka pande zote, taa za umeme na lifti wakati ambapo vitu hivyo havikuwa vya kawaida popote Afrika Mashariki. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, iliyobomoa majumba ya jirani. Lakini mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka, na tarehe 25 Disemba 2020, wakati kazi ya ukarabati inaendelea, mnara na sehemu ya mbele vikaanguka na watu wawili wakafariki. Jengo lililoshinda vita lilishindwa na kuchelewa kutengenezwa.

Mwenye nyumba ni nani?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu Mji Mkongwe hauna mwenye nyumba wa aina moja.

Kuna nyumba za serikali. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wa wenye nyumba, Waarabu na Wahindi, waliondoka au waliondoshwa, na nyumba zao zikachukuliwa. Familia zilizohamishiwa humo zilikuwa nyingi kuliko nyumba zenyewe. Jumba lililojengwa kwa ukoo mmoja lenye ua katikati likawa na familia kila chumba, jiko kila ukumbi, na kodi ndogo isiyoweza kununua hata mapipa machache ya chokaa. Kuanzia miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa, baadhi ya nyumba hizo ziliuzwa kwa watu binafsi.

Kuna nyumba za wakfu. Mtu aliitoa nyumba yake kwa ajili ya Mungu, iwe kwa msikiti, kwa maskini au kwa kizazi chake, na tangu hapo haiuziki. Zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu umeziokoa nyumba nyingi zisiuzwe kwa mwenye fedha wa kwanza kupita. Lakini nyumba isiyouzika, yenye wapangaji wanaolipa kidogo, ina shida ile ile: fedha ya kuitengeneza itoke wapi?

Halafu kuna nyumba za watu binafsi, na humo kuna fundo la mirathi. Nyumba moja inaweza kuwa na warithi kumi na watano, mmoja yuko Kiponda, wengine Dar es Salaam, Maskati, Dubai, London na Toronto. Kila mmoja ana sehemu yake kwa mujibu wa sheria, na hakuna hata mmoja mwenye sehemu kubwa ya kutosha kumfanya abebe gharama ya paa peke yake. Anayeishi ndani hana fedha, wenye fedha hawaishi ndani. Nimeona nyumba za namna hii ambazo mlango wake wa nakshi, wenye mfaa (ubao wa katikati) uliochongwa maua, uling'olewa na kuuzwa kwanza, kwa sababu mlango hugawika kwa fedha kwa urahisi kuliko ukuta.

Anayebaki ni mwenye hoteli, na juu yake watu hubishana sana. Hoteli zimetengeneza nyumba nyingi ambazo zingekuwa magofu leo, na hilo tuliseme waziwazi. Lakini nyumba iliyokuwa na vyoo viwili ikiwekewa vyoo kumi na vinne, maji yanaingia ndani ya kuta zisizojengwa kwa maji. Na mtaa wote ukiwa hoteli na maduka ya vinyago, hakuna anayekaa barazani jioni, hakuna mtoto anayetumwa mkate, hakuna jirani anayesikia bomba limepasuka usiku. Kwa maoni yangu nyumba inayokaliwa na watu ndiyo iliyo salama zaidi, mradi wanaokaa wasaidiwe kuitengeneza.

UNESCO hufanya nini, na haifanyi nini

Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, wakati nyumba zilikuwa zikianguka kwa wingi. Mwaka 1994 ilipata sheria yake, na mwaka huo ukakamilika mpango wa uhifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, iliyokuwa pia ikikarabati jengo la Tharia Topan, dispensari ya zamani pale Mizingani. Ndipo mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuingia katika orodha hakumaanishi kwamba UNESCO imenunua nyumba. Haimiliki ukuta wala haitoi kibali cha ujenzi. Inachofanya ni kuidai nchi ahadi yake: ilete ripoti, ieleze kwa nini jengo fulani limeongezwa ghorofa, na ikibidi iwekwe katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilivyokuwa Mambo Msiige, nyumba ya karne ya 19 pale Shangani iliyogeuzwa sehemu ya hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, Kamati ya Urithi wa Dunia ilihoji ukubwa wa jengo jipya lililosimamishwa ubavuni mwake. Ilihoji, na hoteli ikafunguliwa. Nguvu yake ni ya aibu na heshima, na hiyo hufanya kazi pale tu wenyeji wanapojali.

Mamlaka ndiyo yenye kibali. Ukitaka kubadilisha dirisha, kuongeza roshani, kupiga lipu, unapaswa kuomba huko, na utaambiwa utumie chokaa. Malalamiko ya wenye nyumba hapa ni ya haki. Saruji inauzwa kila duka la vifaa, kila fundi anaijua, na kesho yake imekauka. Chokaa nzuri inataka kukaa ikilainika kwa wiki nyingi, inapigwa tabaka jembamba baada ya tabaka, inamwagiwa maji ili isikaushwe na jua, na mafundi wanaoijua wanazeeka. Sheria inayomlazimisha mtu atumie kitu kisichopatikana kwa urahisi itavunjwa usiku. Kabla ya kuongeza faini, ningependa kuona matanuu ya chokaa yanayofanya kazi mwaka mzima na vijana wanaolipwa kujifunza kazi hiyo.

Na kuna mpaka. Eneo la urithi ni kama hekta 96 tu, kuanzia baharini hadi barabara ya Darajani, pamoja na ukanda wa tahadhari unaolizunguka. Ukishavuka hapo, ulinzi huu wote unakoma. Magofu ya shamba yana sheria yake ya mambo ya kale, ambayo asili yake ni ya mwaka 1927: Maruhubi, jumba la Barghash lililoungua mwaka 1899 na kubakiza nguzo zake, Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme (binti wa Sultani Sayyid Said) mwaka 1844, Dunga ya Mwinyi Mkuu (mtawala wa jadi wa Unguja), hamamu ya Kidichi ya mwaka 1850, yenye ndege na maua ya lipu kwa ufundi wa Kiajemi, aliyoijenga Sayyid Said kwa ajili ya mkewe. Yana vibao, yana walinzi, yana tiketi. Lakini njia ya kwenda huko, na kila kilicho kando ya njia, havimo katika sheria hiyo.

Barabara yenye miti: mti wa nani?

Ukitoka mjini kwenda kusini, baada ya Tunguu kuelekea Bungi, barabara inaingia chini ya miembe mikubwa iliyopandwa safu mbili, matawi yakakutana juu. Wenyewe huiita miembe ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, ambaye magofu ya nyumba yake yako karibu na hapo. Hata saa saba mchana wakati wa kaskazi, anayeendesha baskeli anapoingia chini yake huhisi joto limepungua papo hapo. Wageni husimuliwa kuhusu uzuri wa Bi Khole na watumwa aliowaua, hadithi zinazonogeshwa kila mwaka. La hakika halihitaji kunogeshwa: mashamba ya zama zile yalilimwa na kupandwa na watumwa, na mikono iliyochimba mashimo ya miembe ile karibu bila shaka ilikuwa ya watu wasiolipwa. Biashara ya watumwa sokoni Unguja ilipigwa marufuku mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Kuihifadhi miti hii ni kuhifadhi ushahidi wa kazi yao pia, na kibao cha pale kingepaswa kusema hivyo.

Ni nani mwenye miti hiyo? Jibu la Zanzibar si jepesi. Kwa sheria ya umiliki ardhi ya mwaka 1992 ardhi yote ni mali ya umma. Juu ya hapo kuna eka tatu tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi. Na juu ya hapo kuna mila ya zamani zaidi, kwamba mti unaweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi: minazi ya fulani imesimama katika shamba la fulani mwingine. Sehemu ya barabara na kingo zake ni ya wenye barabara. Nguzo za umeme ni za shirika jingine, bomba la maji ni la mamlaka nyingine. Kukata mti kunataka kibali cha idara ya misitu. Kwa hiyo mwembe mmoja wa miaka zaidi ya mia moja una watu wengi wenye haki ya kuugusa, na hakuna hata mmoja mwenye wajibu wa kuutunza.

Tazama unavyokufa. Wa umeme wanakata matawi ya upande mmoja yasiguse nyaya, mti unabaki mzito upande wa pili. Wa maji wanachimba mtaro na kukata mizizi ya upande ule ule. Wa barabara wanashindilia kifusi juu ya mizizi iliyobaki na kumwaga lami mpaka shinani. Kila mmoja alikuwa na kazi halali. Kusi ikivuma, mti unaanguka barabarani, na mkutano wa kijiji unasema miembe hii ni hatari, ikatwe yote.

Hoja ya wahandisi wa barabara nisiipuuze. Barabara ya zamani ni nyembamba, gari mbili kubwa hupishana kwa shida, wagonjwa wanatakiwa wafike hospitali, na watu wa kusini wana haki ya barabara nzuri kama wa mjini. Lakini kupanua hakuna njia moja tu. Barabara mpya inaweza kupitishwa nje ya safu ya miti, ya zamani ikabaki ya upande mmoja au ya baskeli na waendao kwa miguu. Mitaro ya mvua inaweza kuwekwa mbali na mashina. Mabomba na nyaya vinaweza kupita upande usio na miti. Haya yote ni rahisi yakiwa kwenye ramani kabla ya zabuni, na ni ghali mno yakikumbukwa baada ya tingatinga kufika. Tatizo ni kwamba katika ramani ya barabara mti huandikwa kama kikwazo chenye thamani ya fidia, na fidia hiyo huhesabu maembe. Haihesabu kivuli wala miaka.

Pemba ni kisa kingine. Kule ni vilima na mabonde, na barabara ya zamani kati ya Chake Chake na Wete ilifuata migongo ya vilima, kona baada ya kona, katikati ya mikarafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangamiza mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na ndiyo inayolibeba mpaka leo. Msimu wa mavuno watu huanika karafuu kwenye majamvi kando ya njia, zinaanza zikiwa kijani na nyekundu, na baada ya siku chache za jua kali zinakuwa kahawia iliyokoza. Barabara hiyo hupendeza kwa sababu inafanya kazi. Ukiinyoosha yote kwa kukata vilima, utafika Wete mapema zaidi na hutakuwa na pa kuanika. Wahandisi wakae na wakulima wachague kona zipi ni za hatari kweli, wazirekebishe hizo, na zilizobaki waziache.

Nikiulizwa fedha chache zilizopo zianzie wapi, sitaanza na kasri. Magofu ya Maruhubi yakifanyiwa kazi ndogo ya kila mwaka yatasubiri. Yasiyoweza kusubiri ni mapaa. Nyumba inayokaliwa, ya serikali au ya wakfu, ikipata bati zima na mabomba yasiyovuja, imeongezewa miaka mingi kwa sehemu ndogo tu ya gharama ya ukarabati kamili. Pili ni mafundi wa chokaa. Tatu ni miembe, na hapa kuna jambo la haraka linalopita bila kuonwa: safu iliyopandwa na kizazi kimoja huzeeka pamoja na hufa pamoja. Isipopandwa mingine sasa, hakuna atakayeukuta mfereji wa kivuli pale Bungi baada ya miaka hamsini.

Mche wa kubebeshwa unaogawiwa kwa wakulima haufai kazi hii, kwa kuwa umetengenezwa uwe mfupi na uzae mapema. Panapotakiwa matawi ya kukutana juu ya barabara, ipandwe kokwa kutoka kwenye miembe ile ile mirefu, ioteshwe kitaluni, ipandikizwe kwenye mapengo kati ya mikongwe, na izungushiwe uzio mpaka ipite kimo cha mbuzi. Skuli za Bungi na Tunguu ziko karibu, makokwa yanaoza barabarani kila msimu, na mapengo yanahesabika kwa macho.